Morogoro au Iringa? Anza kwa kuuliza nani atakuja dukani mwezi wa nane

Kila mwaka hakosi mtu wa kuniuliza swali hili. Ana akiba yake, amechoka na foleni za Dar, amesikia kwamba mji wenye vyuo haukosi wateja, na sasa amekwama kati ya miji miwili iliyo kwenye barabara moja: Morogoro, kilomita 190 hivi kutoka Dar, na Iringa, kilomita kama 300 mbele yake ukishapita Mikumi na kupanda mlima Kitonga. Miji yote miwili ina vyuo vikuu zaidi ya kimoja. Yote ina milima, masoko mazuri, na watu waliokuja kusoma miaka mitatu wakajikuta wamejenga. Kufanana kwake kunaishia hapo.

Mimi niliingia kichwakichwa. Mwezi wa tano dalali alinipeleka kuona fremu karibu na lango la chuo kimoja mjini Iringa, saa saba mchana, vijana wamejaa barabarani kama siku ya gulio. Nikalipa kodi ya miezi sita palepale. Mashine ya kutoa kopi ilipofika kutoka Dar na fundi akamaliza kaunta, tulikuwa wiki ya mwisho ya mwezi wa saba. Siku ya kwanza nilitoa kopi mbili, zote za kitambulisho cha kijana wa bodaboda aliyekuwa akiegesha mlangoni. Siku ya pili aliyeingia ni mbuzi wa jirani. Dalali hakunidanganya hata neno moja. Mimi ndiye sikumuuliza chuo kinafungwa lini.

Ndiyo maana ulinganisho huu hauanzi na idadi ya watu wala uzuri wa mandhari.

Vigezo

Nimeipima miji hii kwa mambo matano: wateja ni nani na wapo lini, fremu na nyumba, mzigo na usafiri, hali ya hewa pamoja na maji na umeme, kisha maisha ya nyumbani, kwa maana ya familia, shule na afya. Cha kwanza nimekipa uzito kuliko vingine vyote.

Leseni na kodi nimeziweka kando makusudi. TIN utapewa bure na TRA kokote uliko, jina la biashara utasajili BRELA kwa mtandao, leseni utaomba halmashauri, na kwenye kodi ya pango utakata zuio la asilimia 10 (sehemu ya kodi ya mwenye nyumba unayoipeleka TRA) iwe fremu iko Msamvu ya Morogoro au Miyomboni ya Iringa. Sheria ni moja, na usumbufu pia ni mmoja. Kuna kitanzi kimoja tu upande wa Morogoro, nitakitaja mbele.

Wateja, na wapo lini

Kwanza tuelewane kuhusu bumu. Mwanafunzi mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo hupigiwa hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku ya chakula na malazi; ilipanda kutoka 8,500 mwaka wa masomo wa 2022/23. Lakini haipokei kila siku. Inaingia kwa mkupuo, na mkupuo huo ndio bumu lenyewe. Wiki bumu likitoka, kuku wanaisha saa mbili usiku na mwenye duka la simu anasahau kula. Wiki ya mwisho kabla halijatoka ni chipsi kavu na "dada, niandikie". Chuo kikifungwa, kuanzia mwezi wa saba hadi wa kumi au wa kumi na moja, hata huyo wa kuandikiwa hayupo.

Morogoro ina mkoba mkubwa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 471,409 katika manispaa, zaidi ya mara mbili ya Iringa. Lakini wanafunzi wake wametawanyika. SUA, chuo cha kilimo kilichoanzishwa 1984, kina kampasi kuu chini ya Uluguru na kampasi ya Solomon Mahlangu kule Mazimbu, upande mwingine wa mji, kwenye majengo yaliyokuwa shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Chuo Kikuu cha Waislamu na chuo cha Jordan navyo vina sehemu zake. Ukifungua Mazimbu, wewe ni wa Mazimbu. Mwanafunzi wa kampasi kuu hatapanda daladala kuja kunyoa kwako.

Mzumbe ndiyo inayowapoteza wengi. Watu wanaihesabu kama chuo cha mjini, wakati iko zaidi ya kilomita 20 kwenye barabara ya Iringa, na uchumi wake unazunguka palepale Changarawe. Na hiki ndicho kile kitanzi: Mzumbe iko Wilaya ya Mvomero, kwa hiyo leseni yako ya Manispaa ya Morogoro haina kazi huko.

Mwezi wa nane Morogoro haifi. Tarehe 1 hadi 8 kuna maonyesho ya wakulima, Nanenane ya Kanda ya Mashariki, kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere, na watu wa Dar, Pwani na Tanga wanajaza nyumba za wageni. Taasisi za Dar na Dodoma zikitaka "kikao kazi" mbali na ofisi, mara nyingi zinaishia Morogoro, na kikao kazi kinataka chakula cha mchana, chai ya saa nne, vitini vya kuchapa na mabango. SUA nayo ina watafiti na wanafunzi wa uzamili wasiofuata sana kengele ya likizo. Halafu ipo Msamvu, pale barabara ya Dodoma na ya Iringa zinapoachana, na stendi ambayo hailali.

Kuhusu Msamvu niongeze kitu. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwezi wa saba 2024, sehemu ya abiria waliokuwa wakishuka hapo kunywa supu wanapita kwenye reli bila kuiona stendi. Abiria wa Iringa, Mbeya na Songea bado wapo. Anayekuuzia fremu ya Msamvu kwa hesabu za miaka mitano iliyopita, mwambie akuonyeshe mauzo ya juzi.

Iringa ni mkoba mdogo, watu 202,490 katika manispaa kwa sensa hiyohiyo, lakini wanafunzi wake wamekaa karibukaribu. Chuo Kikuu cha Iringa, ambacho wenyeji wengi bado wanakiita Tumaini, kiko Kihesa; Mkwawa, tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam linalofundisha walimu, liko ndani ya manispaa; RUCU, chuo kikuu cha Wakatoliki, nayo imo. Duka moja lililokaa vizuri linaweza kuhudumia vyuo viwili. Ubaya wake ni kwamba wakiondoka, wanaondoka wote pamoja. Wa Mkwawa hawaishii hata kwenda likizo tu, wanatawanyika mikoani kwenye mazoezi ya kufundisha.

Ila Iringa ina mvua ya msimu mmoja, na mahindi yanavunwa wakati uleule vyuo vinapofungwa. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, hela ya shamba kutoka Kilolo na Iringa Vijijini inaingia mjini kununua mabati, simenti, simu na blanketi. Ni wakati huohuo Hifadhi ya Ruaha inapokuwa kavu na wageni kuwa wengi, na baadhi yao hulala Iringa usiku mmoja wakienda au wakirudi. Usijidanganye kwamba mtalii atakuja kula chipsi mayai Kihesa. Atatafuta kahawa nzuri, kitanda safi na mtu wa kumtengenezea gari. Mkulima naye hatoi kopi za noti za mihadhara. Ukitaka Iringa ikulishe mwaka mzima, bidhaa zako lazima ziwe na miguu miwili: mmoja chuoni, mwingine shambani au porini. Nilipoongeza picha za pasipoti, fomu za mtandaoni na kadi za harusi (baada ya mavuno ndoa zinafungwa mfululizo), nikaanza kulipa kodi bila kukopa.

Fremu na nyumba

Morogoro ina uchaguzi mpana. Katikati, kuzunguka Soko Kuu la Chifu Kingalu, fremu ni ghali na kilemba, ile hela ya kuachiwa nafasi, hakikosekani. Ukienda Kihonda, eneo la Nanenane au Tungi, majengo mapya yanaota kila mwezi na mwenye nyumba yuko tayari kuzungumza. Upande wa viwanja, reli imewapa madalali maneno mapya. Kila pori sasa liko "dakika tano kutoka stesheni". Dai namba ya kiwanja, nenda nayo ofisi ya ardhi, usiridhike na karatasi ya serikali ya mtaa pekee.

Iringa katikati ni padogo. Miyomboni, Uhindini na Mlandege fremu nzuri haipo wazi muda mrefu. Nyingine zimekaa na ukoo mmoja miaka na miaka, na ukipata moja ujue kuna mtu alikutaja. Kihesa ndiko kunakopanuka. Kwa mwenye fikra ya kujenga vyumba vya kupangisha wanafunzi, Iringa ina faida ya umbali: geto lililo mwendo wa miguu kutoka darasani halikai tupu muhula ukianza. Morogoro vyumba vya Mafiga na Mazimbu navyo vinajaa, ila utashindana na wenye mitaji mikubwa zaidi.

Kwa miji yote miwili, zungumza bei mwezi wa nane, mwenye nyumba akiwa anaangalia fremu tupu, na uombe mkataba uanze mwezi wa kumi. Wengine watakataa. Mmoja akikubali, umeokoa miezi miwili ya kukaa na mbuzi.

Mzigo na usafiri

Hapa wengi wanaona Morogoro imeshinda kabla hatujaanza, na nusu ya hoja ni kweli. Kwa treni ya kawaida ya SGR, nauli ikiwa shilingi 13,000, uko Dar chini ya saa mbili. Unatoka asubuhi, unazunguka Kariakoo, jioni uko nyumbani na mzigo unakuja nyuma na fuso.

Nusu ya pili ni kwamba mteja wako naye anaweza kufanya hivyo. Dada anayetaka gauni la kumeremeta au kijana anayetaka kompyuta mpakato anapiga hesabu: nauli ya kwenda na kurudi dhidi ya faida unayoweka wewe. Biashara ya "nimetoa Kariakoo" inabanwa Morogoro kuliko ilivyokuwa. Kinachoshikilia ni kile ambacho mtu hawezi kukisafiria: chakula, saluni, ufundi, dawa za mifugo, huduma za chuo.

Iringa iko mbali, na umbali ni ukuta unaokukinga. Hakuna anayekaa kwenye basi kwa muda wa saa nane au tisa kufuata blauzi. Mzigo wenyewe unapanda Kitonga, na lori moja likikwama kwenye kona zile, foleni inalala. Weka akiba ya bidhaa ya wiki moja zaidi ya unavyodhani. Kitu kingine ambacho mgeni hakijui hadi afike: barabara kuu haipiti mjini. Mabasi yanaishia bondeni, stendi ya Igumbilo, na yanayokwenda Mbeya yanapita Ipogolo chini ya mlima. Mji uko juu. Kwa hiyo biashara ya abiria wa kupita, ile inayolisha Msamvu, Iringa mjini karibu haipo. Anayepanda kuja mjini amekuja kwa shughuli zake.

Hali ya hewa, maji na Luku

Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba usiku unashuka hadi karibu nyuzi 10, na asubuhi unaona wanafunzi wa Pwani wamejifunga mashuka darasani. Marobota ya mitumba ya makoti na masweta, ambayo Morogoro ungeyauza kwa hasara, hapa ni dhahabu. Morogoro, mita kama 500, kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa pili joto linakufuata hadi kitandani, na biashara ya maji baridi, juisi na barafu haihitaji bango.

Luku inaisha kote, ila inakwenda kwenye vitu tofauti. Morogoro italiwa na friji na feni. Iringa italiwa na hita ya maji ya kuoga, maana ukishaoga maji ya mto Ruaha Mdogo saa kumi na mbili asubuhi bila kuyapasha moto, hutarudia. Muuza vinywaji akihamia Iringa atafurahi friji inapumzika, kisha atashangaa mauzo nayo yanapumzika.

Maji ya bomba Morogoro yanategemea sana bwawa la Mindu, na kiangazi kikali kinapobana, mgawo unakuja. Kwa saluni, mgahawa au hosteli, simtanki kubwa ni sehemu ya mtaji. Iringa nako weka tanki, ila sikuwahi kufunga duka kwa sababu ya maji.

Maisha ya nyumbani

Mbu wa Iringa ni wachache kwa sababu ya baridi, na wazazi wenye watoto wadogo wanalihesabu hilo. Wenye pumu au mafua ya mara kwa mara wanalalamikia vumbi na ubaridi wa kiangazi. Morogoro malaria bado ni jambo la kulalia chandarua bila mjadala. Hospitali za rufaa za mkoa zipo kote. Tofauti inakuja mgonjwa akihitaji Muhimbili, ambapo kutoka Morogoro ni safari ya asubuhi na kutoka Iringa ni safari ya siku nzima.

Kula vizuri hakuna shida upande wowote. Morogoro mboga na matunda zinashuka kutoka Mgeta na milima ya Uluguru, mchele unatoka bonde la Kilombero. Iringa ni viazi, maharage, maziwa, na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni ambavyo utanunua njiani utake usitake.

Jioni zake hazifanani. Morogoro, "mji kasoro bahari" kama wanavyojisifu, ina muziki, nyama choma na wageni wa wikiendi kutoka Dar. Iringa saa tatu usiku imejifungia ndani, na Jumamosi burudani ni kupanda Gangilonga kuangalia jua likizama. Mke wangu anapaita mahali pa kulea. Shemeji yangu alikaa wiki mbili akasema ni mahali pa kusubiria kustaafu. Wote wawili wanasema juu ya mji uleule.

Ukiwa katika hali ipi, uangalie wapi

Una mtaji mdogo na unataka hela izunguke kila siku, chakula au huduma za haraka: Morogoro inakusamehe makosa mengi, kwa sababu mteja mmoja akikosekana kuna wa kikao kazi, wa stendi au wa sokoni. Utashindana na wengi, na bei zako zitakuwa za kubanana.

Unauza nguo, viatu, simu au vifaa vya nyumbani unavyotoa Kariakoo: Iringa inakuachia faida ya kuonekana, mradi uvumilie mzunguko wa polepole na uwe na akiba ya bidhaa. Makoti usiyasahau.

Fani yako ni kilimo au mifugo, iwe dawa, mbegu au ushauri: hapa sijaegemea upande. Morogoro una SUA na maabara zake mlangoni. Iringa una wakulima na wafugaji wa maziwa wenyewe. Anayeuza utaalamu aanzie Morogoro, anayeuza mifuko ya chakula cha kuku aanzie Iringa.

Unafanya kazi kwa kompyuta na unachohitaji ni intaneti na utulivu: kama lazima uonekane Dar au Dodoma mara kwa mara, reli imekuamulia Morogoro. Kama bosi wako hajali uko wapi, Iringa utalala vizuri na kutumia kidogo.

Unataka kujenga vyumba vya wanafunzi: Iringa karibu na Kihesa kwa mwenye mtaji wa wastani, Morogoro kwa mwenye uwezo wa kujenga vingi kwa pamoja. Miezi mitatu ya mwaka iandike sifuri kwenye hesabu zako, kote.

Una watoto wadogo na haraka huna: Iringa. Una mzazi mgonjwa anayehudhuria kliniki Dar: Morogoro, wala usihangaike kusoma vipengele vingine.

Na kama bado umekwama, panda basi baada ya tarehe 8 mwezi wa nane, Nanenane ikiwa imeisha isije ikakuzuga. Lala siku tatu kila mji. Keti kwenye kibaraza cha fremu unayoitaka kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, nunua soda mbili kwa jirani ili asikufukuze, na uhesabu wanaoingia dukani kwake. Kisha ndiyo umpigie dalali.